Mbuzi wa Koko

Asubuhi hii twataka kuzungumza nanyi juu ya neno ambalo kila mtoto hufundishwa kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake. Ni neno asante.

Juma lijalo, Mungu akipenda, sisi saba kutoka makanisa ya Kitengela na Kajiado tutaondoka kwenda kusini mwa Malawi, kuwatembelea ndugu zetu wa Chikwawa, kulifundisha Neno la Mungu na kusaidia kuezeka nyumba yao ya sala. Miongoni mwetu yumo fundi mwashi, yumo muuguzi, yumo mwalimu wa shule ya Jumapili. Hii si safari yetu ya kwanza huko. Nasi hatukuja kuwaaga tu. Tumekuja kuungama kosa tulilofanya safari iliyopita, na kueleza tulilojifunza kutokana na kosa hilo.

Wengi mnakumbuka mwezi wa Machi mwaka 2023. Kimbunga kilichoitwa Freddy kiliipiga Malawi ya kusini. Mvua ilinyesha siku kadhaa bila kukoma. Karibu na Blantyre vilima viliporomoka juu ya nyumba za watu, na huko chini bondeni, Chikwawa na Nsanje, Mto Shire ulifurika ukameza mashamba. Mamia ya watu walikufa, na zaidi ya nusu milioni walihama makwao.

Na sisi wa Kajiado tulikuwa katika hali gani siku zile? Ninyi wenyewe mwajua. Tangu mwisho wa 2020 mvua ilitukosa msimu baada ya msimu, misimu mitano mfululizo. Aliyesafiri kutoka Kitengela hadi Isinya, na kutoka Isinya hadi Kajiado, aliona mizoga ya ng'ombe kando ya barabara ya Namanga. Wazee waliokuwa na boma zima walibaki na ndama wawili. Wenzetu wa Malawi waliangamizwa na maji, na sisi tuliangamia kwa kukosa maji.

Hata hivyo makanisa yetu yalipopata habari za Malawi yaliitisha harambee. Pale Kitengela, mji wa wapangaji na wafanyakazi waliotoka pande zote za Kenya, watu walitoa kwa simu: mia moja huyu, mia mbili yule. Kijana mmoja wa kiwandani alitoa malipo yake ya saa za ziada. Mama mmoja auzaye sukumawiki sokoni alitoa mauzo ya siku nzima. Jirani Mwislamu mwenye duka alitupa madumu ya kubebea maji, akasema, "Maji hayaulizi mtu dini yake." Upande wa Kajiado, ambako fedha ilikuwa adimu, walileta walichobakiwa nacho.

Hapo ndipo alipokuja bibi mmoja mjane, ambaye sote twamwita Koko, kama Wamaasai wamwitavyo nyanya kwa heshima. Alikuja kwa miguu, akimvuta mbuzi kwa kamba. Mbuzi mwenyewe alikuwa amekonda, mbavu zake zahesabika. Tulijua kwamba zizini kwake walibaki wachache sana. Basi tukasemezana kando, kisha mmoja wetu akamwendea akamwambia kwa upole, "Koko, wewe utuombee tu. Mbuzi mrudishe nyumbani."

Alitutazama kwa muda. Akasema, "Wanangu, mmeniona maskini kiasi hicho, hata Mungu asiweze kupokea kitu mkononi mwangu?"

Hatukuwa na jibu. Tulimpokea yule mbuzi. Siku ya soko aliuzwa Ilbissil kwa shilingi 3,000, maana wakati ule wa ukame mifugo ilikuwa haina bei. Nasi tukaenda Malawi, tukafanya kazi tuliyoweza, tukarudi salama.

Sasa sikilizeni kosa letu. Tuliporudi tulisimama mbele ya kanisa Jumapili moja, tukasema, "Asanteni sana, Mungu awabariki," tukaketi. Picha tulikuwa nazo, lakini zilibaki katika simu zetu. Hesabu ilikuwepo, lakini ilibaki katika daftari la mweka hazina. Kila mmoja alirudi kazini kwake. Miezi ikapita. Tulipoanza kutayarisha safari hii ya pili, vikapu vya sadaka vilirudi vyepesi. Tukaanza kunung'unika. Tukasema watu wamechoka, maisha ni magumu, upendo umepoa.

Kisha siku moja tulikutana na Koko nje ya kanisa. Hakutulaumu. Aliuliza neno moja tu: "Wanangu, mbuzi wangu alifika?"

Tulidhani anatania, tukacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa akingoja jibu.

Ndugu wapendwa, swali lile lilituondolea usingizi. Maana tulitambua kwamba hatukumjibu, na kwamba kwa mwaka mzima na zaidi hatukuwajibu mamia ya watu kama yeye. Tulikuwa tumesema asante bila kushukuru.

Basi tulifungua Biblia zetu kutafuta jinsi mtu aliyetumwa anavyopaswa kuwashukuru waliomtuma. Tulifika kwa mtume Paulo, katika Waraka kwa Wafilipi, mlango wa nne. Mwajua habari zake. Paulo alikuwa kifungoni. Kanisa la Filipi, ambalo halikuwa kanisa la matajiri, lilimpelekea msaada kwa mkono wa Epafrodito, naye Epafrodito aliugua karibu ya kufa kwa ajili ya kazi ile. Paulo anaandika kuwashukuru. Lakini mkiisoma sehemu ile kwa makini, kuanzia mstari wa kumi hadi wa ishirini, mtaona jambo la ajabu. Hatumii lile neno la kawaida la kushukuru. Badala yake anafanya mambo matatu.

Kwanza, anakiri kuwa amepokea. Neno la Kigiriki analolitumia kusema kwamba amepata vyote ndilo neno ambalo wafanya biashara wa siku zile waliliandika kwenye stakabadhi, yaani lile karatasi la kuthibitisha kwamba malipo yamefika. Kama tungesema kwa lugha ya sokoni Kitengela, Paulo anawaandikia risiti.

Pili, anakumbuka kwa kutaja. Hasemi tu kwamba wamemsaidia. Anataja mahali na nyakati: anakumbuka siku alipotoka Makedonia, ambapo hakuna kanisa lingine lililoshirikiana naye ila wao tu, anakumbuka kwamba alipokuwa Thesalonike walimpelekea msaada zaidi ya mara moja. Anamtaja na aliyeuleta, Epafrodito.

Tatu, anawaeleza zawadi yao ilifika wapi. Asema haikuishia mkononi mwake. Imekuwa kama manukato na dhabihu inayompendeza Mungu. Yaani walimtumia mfungwa mmoja chakula na mahitaji, na kumbe kitu chao kilikwenda mbali kuliko walivyofikiri.

Hiyo ndiyo shukrani ya mtumwa wa Kristo. Kupokea kwa kukiri, kukumbuka kwa kutaja, na kueleza kilikofika. Sisi tulikuwa hatujafanya hata moja.

Lakini labda mtu atauliza: Je, kutoa kwa ajili ya kazi ya Mungu si deni? Aliyetoa ametoa, amalizane na Mungu wake. Kwa nini aulize mbuzi alikokwenda?

Hapa wazee wetu wa Kimaasai wanatusaidia sana. Kwa lugha ya Kimaa kuna maneno mawili ambayo hayachanganywi. Moja ni esile, yaani deni. Ukikopa, unahesabiwa, unalipa, na mkimaliza kulipana mambo yamekwisha. La pili ni osotua. Neno hili maana yake ya asili ni ule uzi wa kitovu unaomwunganisha mtoto na mama yake tumboni. Watu wawili wakiwa na osotua, mmoja akipungukiwa humwendea mwenzake akaomba, naye mwenzake humpa kile anachohitaji, kwa kadiri awezavyo. Hakuna daftari la kuhesabu nani ametoa ng'ombe wangapi. Hakuna siku ya kulipa. Uhusiano huo haukatiki. Hata watoto wao huurithi. Yule aliyepewa hadaiwi mnyama, bali anadaiwa heshima, na utayari wa kusimama na mwenzake siku yake ya shida.

Na waliotafsiri Biblia kwa Kimaa, walipotafuta neno la kusema Agano, walichagua neno hilohilo. Agano Jipya kwa Kimaa laitwa Osotua Ng'ejuk. Fikirini jambo hilo, wapenzi wasikilizaji. Kila Mmaasai mwaminifu aishikapo Injili mkononi ameshika neno lisemalo kwamba Mungu ametufunga na yeye mwenyewe kama mtoto alivyofungwa na mama.

Basi zawadi ya Koko haikuwa esile. Hatukupaswa kumlipa. Ilikuwa osotua. Alifunga uzi kati yake na sisi, na kupitia kwetu kati yake na mama asiyemjua huko Chikwawa ambaye maji yalichukua mahindi yake. Na sisi tuliponyamaza tuliuachia uzi ule ulegee. Si kwamba tuliiba fedha. Hapana. Tuliiba ushirika.

Tena kuna kisa katika kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa thelathini. Daudi alipowafuatia Waamaleki, watu mia mbili walichoka wakabaki kwenye kijito cha Besori wakilinda vyombo. Waliokwenda vitani waliporudi, wengine wao hawakutaka kuwagawia nyara waliobaki. Daudi akakataa. Akaweka sheria kwamba fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyekaa na vyombo ni sawasawa. Sasa, nyara za kazi ya Injili si ng'ombe wala mavazi. Ni furaha ya kuona Mungu amefanya nini. Ikiwa sisi saba twairudia furaha ile peke yetu na kuwanyima waliobaki Kitengela na Kajiado, tumekuwa kama wale waliomwudhi Daudi.

Ndiyo maana Paulo na Barnaba, waliotumwa na kanisa la Antiokia kwa kufunga na kuwekewa mikono, hawakuimaliza safari yao kule mbali. Matendo ya Mitume mlango wa kumi na nne waeleza kwamba walirudi palepale Antiokia, wakalikusanya kanisa, wakaeleza yote Mungu aliyoyatenda pamoja nao. Safari huanzia kanisani na huishia kanisani.

Twapenda pia tukumbuke tulikotoka. Kwa miaka mingi makanisa yetu yalijulikana kuwa makanisa ya kupokea. Wamisionari walitoka ng'ambo, na fedha zilitoka ng'ambo. Mwaka 1971, Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki alisema huko Milwaukee, Marekani, kwamba wamisionari na misaada yao wasimame kwa muda, ili makanisa ya Afrika yapate kusimama kwa miguu yao wenyewe. Wengi walikasirika. Lakini kanisa lake lilishika neno Jitegemea, na makanisa mengine nayo yalifikiri upya.

Hata hivyo tusidhani kwamba Mwafrika kutumwa ni jambo la jana. Mwaka 1896 Mganda mmoja, Apolo Kivebulaya, aliyetumwa na kanisa la Uganda, alivuka kwenda Mboga katika nchi ya Kongo kuhubiri Injili. Alipingwa, akapigwa, akafungwa, lakini alirudi tena Mboga. Alipofariki tarehe 30 Mei 1933 alizikwa hukohuko, na kichwa chake kilielekezwa magharibi, upande wa msitu, kama alivyotaka mwenyewe, kwa kuwa kazi ya upande ule ilikuwa haijakwisha. Mtu wa namna hiyo hakusimama peke yake. Nyuma ya kila Apolo wapo watu waliobaki nyumbani, ambao majina yao hayamo vitabuni.

Sasa turudi kwa Koko na swali lake. Tulimwomba mweka hazina alete daftari lake na karatasi zote. Tulikaa usiku mmoja mezani, sote saba, tukahesabu. Fedha ya mbuzi ilikuwa imechelewa kufika, kwa hiyo haikuchanganywa na nyingine. Iliwekwa peke yake katika bahasha ya kaki. Tuliibadilisha pale Namanga kuwa shilingi za Tanzania. Tulipita Arusha, Dodoma na Iringa bila kuigusa. Tulipofika Mbeya fedha nyingine za njiani zilikuwa zimekwisha. Hapo bahasha ilifunguliwa, na fedha iliyokuwamo ilitosha nauli ya sisi saba kutoka Mbeya hadi Kasumulu, mpakani kwenye Mto Songwe, ambako ndugu wa Malawi walikuwa wakitungoja.

Tulikwenda nyumbani kwa Koko. Tulikaa chini, tukamwonyesha vipande vya tikiti. Tukamwambia, "Koko, mbuzi wako alitubeba sote saba. Alitufikisha mpakani mwa Malawi. Bila yeye tungelala Mbeya."

Alivishika vile vipande vya karatasi kwa mikono miwili. Akacheka hata machozi yakamtoka. Akasema, "Mimi sijavuka hata Namanga. Kumbe nimefika mpaka wa Malawi!" Kisha akanyamaza, akatuuliza, "Kwa nini hamkuniambia mapema? Mwaka wote huu nimewaombea, wala sikujua niombee mahali gani."

Hayo ndiyo yaliyotuchoma moyo. Tulidhani taarifa ni karatasi za kamati. Kumbe taarifa ni kuni za maombi. Mtu asiyeambiwa neno huombea giza. Akiambiwa, ataomba kwa jina: ataombea Mto Shire usifurike tena, ataombea mtoto mwenye homa ambaye muuguzi wetu alimhudumia, ataombea paa la nyumba ya sala lisichukuliwe na upepo.

Kwa hiyo safari hii twashukuru kabla hatujaondoka, na tutashukuru tena tukirudi. Mbele ya makanisa yetu yote mawili tumesoma kila kilichopokelewa, kikubwa na kidogo. Asubuhi hii, kwa kuwa redio yasikika na majirani, hatutataja majina, maana wengine walitoa kwa siri na Bwana ndiye aonaye sirini. Lakini tutataja vitu.

Twashukuru kwa mbuzi kumi na mmoja na kondoo wanne. Twashukuru kwa fedha za simu, hata zile za shilingi hamsini. Twashukuru kwa mashine ya kushona iliyotoka kwa fundi cherehani wa Kitengela ili ikawafae akina mama wa Chikwawa. Twashukuru kwa kijana wa bodaboda aliyezungusha barua zetu siku mbili bila kudai hata bei ya mafuta. Twashukuru kwa familia mbili zilizokubali kuwalea watoto wetu wakati hatupo, kuwaamsha kwenda shule na kuwapikia. Hiyo ni sadaka isiyoingia kwenye kikapu. Na twashukuru kwa ndugu mmoja aliye kitandani miezi mingi sasa, asiyeweza hata kukaa, ambaye alituletea neno kwamba kila siku saa kumi alfajiri, asipopata usingizi, atatuombea sisi saba mmoja mmoja.

Vyote hivi tumevipokea. Tumeviandika katika daftari moja, na daftari hilo lipo wazi kwa yeyote atakaye kuliona. Tukirudi, kabla mtu hajafungua mzigo wake nyumbani, tutasimama mbele yenu na kusema kila kitu kilifika wapi. Na ikiwa kitu kimepotea au hatukukitumia vema, tutasema pia.

Nawe msikilizaji, pengine hutumwi ng'ambo. Lakini hakuna asiyepokea. Nani alikulipia karo ulipokuwa mtoto? Nani alikaa nawe hospitalini? Nani alichinja siku ya matanga ya baba yako, na hujarudi kumwambia neno? Nenda kwake juma hili. Usimwambie asante tu. Mwambie alichokupa kilifika wapi. Huenda anangoja kama Koko alivyongoja, wala hatauliza.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba, utoaye bila kuhesabu, utusamehe sisi tuliopokea tukanyamaza. Wabariki waliotoa wakiwa na vingi, na waliotoa wakiwa na kimoja. Wanyeshee mvua yao kwa wakati wake, uwarudishie mifugo mazizini. Walinde watakaobaki na watakaokwenda, uutunze uzi uliotufunga pamoja, hata siku ile tutakapokusanyika sote mbele zako kueleza mambo makuu uliyoyatenda. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.